Kumtazama Mtu Bila Kumhurumia

Mwaka 1969 shirika la misaada la Save the Children lilitimiza miaka 50 tangu lianzishwe Uingereza, likataka filamu ya kuadhimisha umri huo. Kazi wakapewa vijana wawili waliokuwa wanavuma kwenye televisheni, mwongozaji Ken Loach na mtayarishaji Tony Garnett. Walipiga picha Uingereza, kwenye nyumba ya malezi walikopelekwa watoto wa familia maskini, kisha wakaja Kenya. Nairobi walikuta shule ya wavulana waliokuwa hawana makao, ikiendeshwa kwa desturi za shule za bweni za Kiingereza, katika nchi iliyokuwa imepata uhuru miaka sita tu nyuma.

Mwenye shughuli alipoonyeshwa alichokilipia, hakuamini macho yake. Filamu haikuwa na wimbo wa shukrani. Iliweka maneno ya wahisani kando ya maisha ya wanaosaidiwa, ikamwacha mtazamaji aone mwenyewe umbali uliopo kati yao. Shirika likataka filamu iharibiwe kabisa. Mambo yakafika kwa wanasheria, na suluhu ikawa kuiweka kwenye hifadhi ya British Film Institute kwa sharti kwamba isionyeshwe. Ilikaa huko miaka 40. Hadhira ya kwanza iliiona London mwaka 2011, Loach akiwa na miaka 75, na wavulana wale wa Nairobi wakiwa, walio hai, wazee wenye wajukuu.

Nimeanza na filamu hiyo ambayo karibu hakuna aliyeiona kwa sababu ndani yake naona swali alilolibeba Loach maisha yake yote. Ukimwonyesha mtu aliyeonewa, utamwonyeshaje bila kumgeuza ombaomba mbele ya mtazamaji? Sisi huku tumezoea kuwa upande wa pili wa kamera za namna hiyo. Tunazijua picha za mtoto mwenye nzi usoni, zinazopigwa kutoka juu, mtoto akitazama juu kama anayemwangalia mkombozi. Loach alipewa fedha za kupiga picha hizo hizo, akakataa. Nadhani mtu anayeandika kwa Kiswahili ana sababu yake ya kumfuatilia.

Alizaliwa Nuneaton, mji wa viwanda katikati ya Uingereza, Juni 1936. Baba yake alikuwa fundi umeme kiwandani. Yeye akafaulu, akasoma sheria Oxford, lakini muda wake mwingi ukaishia kwenye maigizo ya wanafunzi, na mwaka 1963 BBC ikamchukua kama mwongozaji mwanafunzi. Haya ya wasifu yanapatikana popote. La kukumbuka ni kwamba alianzia televisheni, chombo kilichokuwa kinaingia sebuleni kwa watu wale wale aliotaka kuwazungumzia.

Usiku wa Novemba 16, 1966, BBC ilirusha *Cathy Come Home*, iliyoandikwa na Jeremy Sandford. Ni habari ya mke na mume vijana wanaopendana na kupata watoto. Mume anaumia kazini, kodi inawashinda, nyumba wanaipoteza. Wanahama kutoka chumba hadi karavani, kutoka karavani hadi hosteli ya wasio na makao, ambako mume haruhusiwi kulala. Mwisho Cathy yuko kwenye kituo cha treni na watoto wake, maofisa wa ustawi wa jamii wanafika na kuwachukua, naye anapiga mayowe. Kamera ya mkononi, sauti za mitaani, takwimu za uhaba wa nyumba zikisomwa juu ya picha: watu wengi hawakujua kama wanatazama mchezo au taarifa ya habari. Watazamaji walikuwa takriban milioni 12. Wiki mbili baadaye Shelter, shirika la kutetea wasio na makao ambalo lilikuwa tayari linaandaliwa, likazinduliwa likiwa na taifa zima nyuma yake.

Mwongozaji mwingine angejivunia usiku huo hadi kaburini. Loach, kila alipoulizwa miaka iliyofuata, alirudia jambo moja: filamu ile haikutosha. Watu walilia, wakachanga, na baadhi ya hosteli zikaanza kuruhusu waume kukaa na wake zao, lakini hakuna aliyegusa suala la nani anamiliki ardhi na nani anafaidika nyumba zikiwa haba. Wasio na makao waliendelea kuongezeka. Kwa maneno mengine, aliwahi kuwafanya watu milioni 12 waone huruma kwa usiku mmoja, akaona mwenyewe huruma hiyo inafika wapi na inakwama wapi. Ndiyo maana miaka mitatu baadaye, alipofika Nairobi, hakuwa mtu wa kuridhishwa na mchango.

Hatua yake iliyofuata baada ya *Cathy* ilihusu mahali pa kuiweka kamera, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Katika *Cathy* kamera inawakimbilia watu, inawashika usoni, inatikisika pamoja nao. Katika *Kes*, aliyoipiga mwaka 1968 mjini Barnsley, kwenye migodi ya makaa ya mawe, imerudi nyuma. Yeye na mpigapicha Chris Menges walikuwa wametazama filamu za Kicheki za miaka ile, za Miloš Forman na Jiří Menzel, wakajifunza kukitia chumba chote mwanga mmoja, kusimama pembeni na kusubiri. Mwigizaji hapewi alama sakafuni ya kusimamia. Anakwenda anakotaka, na lenzi inamfuata kwa macho tu, kutoka upande wa pili wa chumba, kama mgeni mwenye adabu aliyekaa karibu na mlango.

*Kes* imetokana na riwaya ya Barry Hines, mwenyeji wa huko huko. Billy Casper anakaribia kumaliza shule. Kila mtu ameshaamua kwamba ataingia mgodini kama kaka yake. Nyumbani hapigiwi hesabu, shuleni anapigwa. Siku moja anachukua kinda la kipanga kwenye tundu la ukuta wa shamba, anaiba kitabu dukani cha kumfundishia, na anamfundisha.

Kuna onyesho la darasani ambalo ningependa kila mwalimu alione. Mwalimu Farthing amewaambia wanafunzi wasimulie jambo la kweli. Billy hataki. Anasukumwa, anasimama shingo upande, anaanza kwa kunung'unika kuhusu vikamba vya ngozi vinavyofungwa miguuni mwa ndege. Mwalimu anamuuliza maana, anamwita mbele aandike maneno hayo ubaoni. Kisha maneno yanafunguka: jinsi ya kumlisha kipande kidogo kidogo juu ya glavu, jinsi ya kurudi nyuma hatua moja kila siku ili arukie mbali zaidi, na siku ile ya kwanza alipomwachia bila kamba, asijue kama atarudi. Darasa lote limenyamaza. Mtoto aliyeitwa mjinga tangu filamu ianze ndiye mtaalamu pekee humo ndani, na mwalimu ndiye anayeuliza maswali. Kamera haimsogelei kutuonyesha kwamba sasa tuguswe. Inaendelea kukaa pale ilipo, na David Bradley, kijana wa Barnsley aliyekuwa hajawahi kuigiza kwenye filamu, anazungumza kama mtu anayekijua anachokisema, kwa sababu alikuwa amewafundisha ndege wa filamu kwa mikono yake.

Lahaja ya Barnsley ilibaki kama ilivyo. Inasimuliwa kwamba mkubwa mmoja wa kampuni ya Kimarekani iliyotoa fedha alisema afadhali wangezungumza Kihungari. Yeyote ambaye lahaja ya kwao imewahi kuchekwa mjini atajua Loach alikuwa anatetea nini alipokataa kumsafisha Billy ulimi.

Na wapenzi wa mpira watalikumbuka onyesho la uwanjani, ambapo mwalimu wa michezo, Sugden, amevaa jezi nyekundu ya Manchester United na kujifanya Bobby Charlton, anaamua penalti kwa faida yake mwenyewe, anawaangusha watoto kwa kiwiko. Aliyeigiza, Brian Glover, alikuwa mwalimu kweli na mpiga mieleka. Unacheka mpaka mechi inapoisha, na Sugden anamzuia Billy bafuni chini ya maji baridi kumlipiza kisasi cha bao. Kicheko kinakukwama kooni.

Lakini filamu hiyo hiyo ina jambo ambalo siwezi kumtetea nalo. Mkuu wa shule anawachapa wavulana fimbo viganjani. Miongoni mwao yuko mtoto mdogo aliyetumwa tu na mwalimu wake kuleta ujumbe. Wakubwa wamemjazia sigara mfukoni, na mkuu hamsikilizi. Fimbo zile zilikuwa za kweli. Machozi ya yule mdogo ni ya kweli, kwa sababu hakutegemea. Na kipanga alipokufa katika hadithi, Loach alimwacha Bradley aamini kwamba mmoja wa ndege aliowalea ameuawa, ingawa aliyeshikishwa alikuwa mwingine, aliyekwisha kufa. Alitaka uso ambao hauigizi. Aliupata.

Sisi tuliochapwa shuleni hatuhitaji kuelezwa kiganja kinavyowaka. Mtu anayepiga picha kulaani fimbo kisha anaitumia fimbo ili picha iwe ya kweli amechukua kitu kwa mtoto ambacho hakikuwa chake. Nasema hivi nikijua kwamba lile ni onyesho zito lisilosahaulika, na kwamba shule nyingi za Uingereza ziliendelea kuchapa kwa karibu miaka 20 baada ya hapo. Ubora wa kazi haufuti deni hilo. Tena deni hilo linatoka kwenye mzizi ule ule wa ubora wake, ndiyo maana haliondoki kwa urahisi.

Mzizi wenyewe ni huu. Loach alikuwa akipiga picha kwa mpangilio wa hadithi, onyesho la kwanza siku ya kwanza, la mwisho siku ya mwisho. Ni ghali, kwa sababu kampuni nyingine zikifika mahali humaliza maonyesho yote ya hapo na kuondoka. Waigizaji hawakupewa mswada mzima. Walipewa kurasa kidogo kidogo, wakati mwingine usiku wa kuamkia kazi, hivyo hakuna aliyejua kama angefukuzwa, angefiwa, au angepona. Mtu anayeujua mwisho, hata akiwa fundi, huanza kuuomboleza mapema, na hapo ndipo mtazamaji naye anaanza kumhurumia kabla ya wakati. Asiyejua hupigana. Katika *Riff-Raff* ya mwaka 1991, ambamo waigizaji walitakiwa wawe wamewahi kufanya kazi za ujenzi, Ricky Tomlinson yuko uchi kwenye bafu la nyumba ya maonyesho anayoijenga lakini asiyoweza kuinunua, na wanawake watatu waliovaa mavazi ya Kiislamu wanaingia kuikagua. Hakuambiwa kwamba watakuja. Mshtuko huo ni halali kabisa, kwa sababu ni mtu mzima, ameingia kwenye mchezo akijua kanuni zake, na anaishia kucheka. Kati ya bafu hilo na kiganja cha yule mtoto wa Barnsley kuna mpaka, na Loach alichukua muda kuuona.

Miaka ya 1980 ilimkausha. Serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa inavunja vyama vya wafanyakazi, naye akatengeneza vipindi vya televisheni kuhusu viongozi wa vyama hivyo, havikurushwa. Filamu yake ya nyimbo na mashairi ya wachimba makaa waliogoma mwaka 1984 ilikataliwa na kituo kilichoiagiza, ikaonyeshwa na kingine. Ili familia yake ipate kula, alitengeneza matangazo ya biashara, likiwemo la McDonald's, na baadaye hakuficha aibu aliyoiona. Alikuwa amepita miaka 50 alipoanza upya.

Mwanzo huo mpya ulitokana na waandishi, na sifa zao humezwa mno na jina lake. Jim Allen alikuwa amefanya kazi mgodini. Bill Jesse, aliyeandika *Riff-Raff*, alikuwa kibarua wa ujenzi, na alifariki kabla filamu haijakamilika. Rob Dawber, aliyeandika *The Navigators*, alikuwa fundi wa reli, akafa kwa ugonjwa wa mapafu ulioletwa na asbesto. Kisha Paul Laverty, mwanasheria wa Kiskoti aliyekuwa Nikaragua wakati wa vita, ambaye alifanya naye kazi kuanzia 1996 hadi mwisho. Loach hakujifanya kujua maisha asiyoyaishi. Alitafuta aliyeyaishi, akampa kalamu.

Kutoka kwa Allen ikaja *Land and Freedom* ya 1995, kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Katikati ya filamu mapigano yanasimama na wanakijiji wanakaa kujadili kama mashamba yote yawe ya pamoja au kila mmoja abaki na kipande chake. Wanabishana kwa dakika nyingi bila muziki, na mtu mwenye kipande kizuri anasema anajituma kuliko wengine na hataki kukitoa. Wengi ni watu wa eneo hilo wenye misimamo yao halisi. Sijui onyesho lingine la sinema linaloamini kiasi hiki kwamba mjadala wa wakulima unatosha kuwa tamasha. Msomaji wa Tanzania anayekumbuka vijiji vya ujamaa, ambako mara nyingi mjadala ulikuja baada ya lori kufika, atalitazama kwa moyo mzito.

*The Wind That Shakes the Barley* ilipata Palme d'Or mjini Cannes mwaka 2006, na baadhi ya magazeti ya Uingereza yakamwita adui wa nchi yake kwa kuwaonyesha askari wa Kiingereza walivyofanya Ireland. Ni filamu nzuri. Ninayoirudia, hata hivyo, ni *I, Daniel Blake* ya 2016, iliyompa tuzo hiyo kwa mara ya pili akiwa na miaka 79.

Daniel ni seremala wa Newcastle mwenye miaka 59, anayetoka kwenye ugonjwa wa moyo. Daktari wake amemkataza kazi. Mkaguzi wa posho anasema anaweza kufanya. Ili asife njaa lazima atafute kazi ambayo akiipata hawezi kuifanya, na kila fomu iko kwenye kompyuta asiyoijua. Anakutana na Katie, mama wa watoto wawili aliyehamishwa kutoka London kwa kukosa nyumba.

Daniel na watoto wanamsindikiza Katie kwenye ghala la chakula cha msaada. Wahudumu tunaowaona walikuwa watu wanaofanya kazi hiyo kweli, na hakuna aliye mbaya kati yao. Mama mmoja anampitisha kwenye rafu kwa upole, anamjazia mifuko: pasta, mboga, sabuni. Katie anageukia rafu. Tunamwona kwa mbali, mgongo umetuelekea kidogo. Amefungua kopo, anamimina chakula kiganjani, anakipeleka mdomoni, mchuzi unamwagikia nguo. Siku nyingi amewaachia watoto sahani yake. Kisha anatambua alichokifanya, aibu inamvunja magoti, na Daniel anainama kumwambia kwamba hakuna kosa alilotenda. Wakati wote huo kamera haijasogea hata hatua. Mwongozaji mwingine angetupa uso wa Hayley Squires, anayemwigiza Katie, ujae skrini, tulie, tupone. Loach anatuacha kati ya wale waliokuwa kwenye foleni, watu wanaojua kwamba wakimkodolea macho watamwongezea mzigo. Nadhani hilo ndilo jibu lake kwa kilio cha Cathy, miaka 50 baadaye.

Filamu yenyewe ina kasoro. Mikosi inapangana mno kuelekea mwisho, na kifo cha Daniel siku ya rufaa yake kinakuja kwa mkono wa mwandishi kuliko kwa mkono wa maradhi. Loach wa *Kes* angemwacha hai, akiwa bado kwenye simu anasubiri kujibiwa.

Alisema *The Old Oak* ya 2023 itakuwa ya mwisho. Ni kijiji cha Durham ambacho mgodi wake ulifungwa zamani, nyumba zinauzwa kwa bei ya kutupa, baa moja imebaki, na familia za wakimbizi wa Syria zinaletwa kwa basi. Wenyeji wengine wanawachukia kwa sababu wao wenyewe hawana kitu. Mwenye baa, TJ, ameigizwa na Dave Turner, aliyekuwa mzima moto na mtu wa chama cha wafanyakazi. Chumba cha nyuma cha baa kimefungwa miaka mingi, ukutani kuna picha za mgomo wa 1984, wake wa wachimba makaa wakipika kwa ajili ya kijiji kizima. Yara, msichana wa Syria mwenye kamera, anazitazama picha hizo, na chumba kinafunguliwa ili watu wale pamoja, wenyeji na wageni kwenye meza zile zile, bila fomu, bila foleni, bila mtu wa kuulizwa kama anastahili.

Maneno ya filamu hiyo yana mahubiri mengi kuliko ninavyopenda, na maandamano ya mwisho ni ya mzee anayetaka kutuaga kwa matumaini. Lakini ina onyesho moja ambalo naliweka pamoja na darasa la *Kes*. Mbwa mdogo wa TJ, ambaye ndiye aliyemzuia asijiue zamani, ameuawa na mbwa wakali. Yuko peke yake nyumbani, hana hamu ya kitu. Yara na mama yake wanabisha hodi wakiwa na chakula, kama inavyofanywa kwao mtu akifikwa na msiba. Mama hajui Kiingereza cha kutosha kumfariji. Anampakulia, anamkalisha, anamngoja ale. Anayelishwa hapo ni mwenyeji, kwenye meza yake mwenyewe, na aliyemletea sufuria ni yule aliyeshuka kwenye basi na mabegi.